Msuli una ncha mbili: kupima urefu wa misuli ya shingo na bega

Hotuba iliyotolewa Bukavu mbele ya wakine (watibabu wa viungo), wauguzi na wanafunzi wa kinezitherapia, yaani tiba ya viungo

Ndugu wakine, wauguzi, na ninyi wanafunzi mliojazana pale mlangoni, karibuni.

Asubuhi, ukisimama kwenye mteremko wa Kadutu, hapa mjini, kazi yetu inapita mbele ya macho. Mama anapanda na gunia la makala mgongoni. Kamba imepita kwenye paji la uso, kidevu kimetoka mbele, mikono yote miwili imeshika kamba karibu na masikio. Siku mama huyo akija kwetu anasema, "Shingo imekaza." Nasi tunabonyeza juu ya bega, anaguna, tunaandika kwenye fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, "trapezi imekaza", ule msuli mpana wa shingo na bega, tunaanza kukanda. Leo tunaomba jambo moja: neno hilo lisiandikwe bila namba, na namba isichukuliwe kabla ncha moja ya msuli haijashikwa.

Hakuna mkine anayepima msuli wenyewe. Tunapima pembe ya kiungo, au umbali kati ya mfupa na mfupa, kisha tunakisia urefu wa msuli unaopita hapo. Fikirieni ule mpira wa tyubu ambao wenye pikipiki wanafungia mizigo. Ukivuta ncha moja na ncha ya pili ikakufuata, mpira haujavutika, umehama tu. Shingo na bega ndivyo zilivyo. Kombe la bega halijafungwa kwenye kiwiliwili kwa mfupa wowote isipokuwa mtulinga. Limening'inia kwenye misuli. Ukilaza kichwa cha mgonjwa upande wa kushoto bila kushika bega la kulia, bega litapanda kukifuata kichwa. Utasoma digrii 45, utasema yuko sawa, kumbe umepima jinsi bega linavyopanda.

Kabla ya kugusa shingo yoyote, maswali kwanza. Mtu ameanguka na pikipiki wiki hii? Usimpime urefu wa msuli. Kuna kanuni iliyotoka Kanada mwaka 2001 kwa watu walioumia shingo walio na fahamu zao: mwenye miaka 65 au zaidi, aliyeanguka kutoka mita 1 au ngazi 5, aliyepata ajali ya pikipiki, au anayesikia ganzi mikononi au miguuni, apigwe picha kwanza. Hata asiyekuwa na dalili hizo, ambaye kanuni inaruhusu ajaribu, asipoweza kugeuza shingo mwenyewe digrii 45 kulia na kushoto, naye apigwe picha. Shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kuuma ni ya daktari, na ni ya sasa hivi, kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya usiku, jasho, kukonda na kikohozi cha muda mrefu yatufanye tuwaze kifua kikuu cha mifupa, ambacho huku kwetu si habari ya vitabuni. Kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza, kudondoka ghafla: hapo hatupeleki kichwa nyuma wala hatukizungushi hadi mwisho.

Vyombo ni vichache. Goniometa ya plastiki, chombo chenye mikono miwili cha kupima pembe. Mita ya fundi cherehani, lakini ile ya kitambaa huvutika ikizeeka, basi kila mara ilazeni juu ya rula ya chuma. Ikiwa imepoteza nusu sentimita kwenye 20, itupeni. Rula ya pembe mraba, kama ya wanafunzi. Simu yenye programu ya kupima mteremko, na hapa tuelewane, maana wengi wanaitumia vibaya. Simu hiyo inafuata uvutano wa dunia, hivyo inajua mteremko tu. Mgonjwa akiketi, inapima vizuri kuinamisha kichwa mbele, nyuma na kukilaza upande. Akilala chali, inapima vizuri kugeuza uso. Ukitaka kupima kugeuza uso akiwa ameketi, simu haioni kitu. Na ukiiweka kwenye dira, kitanda cha chuma kinaidanganya. Hapo chukua goniometa: kitovu chake juu ya utosi, mkono mmoja ukifuata mstari wa mabega mawili, mwingine ukifuata pua.

Mgonjwa avue nguo hadi kombe lionekane, na mama afunikwe kifua kwa kitenge kilichofungwa chini ya makwapa, fundo mbele. Fundo likiwa nyuma ya shingo linavuta. Angalieni pia nywele. Rasta nene zilizokusanywa kisogoni zinainua kichwa kama mto, na kidevu kinashuka kabla hujaanza kazi. Mwambie azishushe pembeni, au andika kwenye fishi kwamba zilikuwepo, ili siku ya pili atakapokuja amenyoa usishangilie maendeleo yaliyoletwa na kinyozi.

Tuanze na trapezi ya juu. Inatoka kisogoni na kwenye kano la nyuma ya shingo, inashuka hadi theluthi ya nje ya mtulinga na ncha ya bega, yaani akromioni. Tunapima ya kulia. Mgonjwa amelala chali, magoti yamekunjwa, kichwa chake kimepita ukingo wa meza na kimepumzika kwenye mkono wako wa kushoto. Kipeleke mbele, kidevu kielekee kidari. Kilaze upande wa kushoto. Kisha geuza uso kidogo kuelekea kulia, upande ule ule unaopima. Sasa ndipo mkono wako wa kulia unafika juu ya ncha ya bega na kulisukuma kuelekea miguuni, polepole, kama unayefunga droo iliyojaa. Msuli wenye urefu wake unakubali kidogo na kikomo chake ni laini. Uliofupika unasimama ghafla, na unauona umejichora kama kamba kati ya shingo na bega. Linganisha na kushoto, kwa mpangilio ule ule na nguvu ile ile.

Hiyo ni hisia ya mkono, bado si namba. Kupata namba, mketishe kwenye kiti kigumu kisicho na mito, mgongo umegusa egemeo. Mkono wa kulia ushike chini ya ukingo wa kiti. Huo ndio mshipi wa kufunga bega. Simu ikae bapa juu ya utosi, iwe sufuri. Alaze kichwa kushoto mwenyewe, kisha msaidie hadi bega linapotaka kunyanyuka. Soma hapo, si baada ya hapo. Rudia mara tatu, andika wastani. Mtu mzima asiye na shida hufika karibu na digrii 45 bila kufungwa bega. Akifungwa zinapungua, na inavyozidi miaka zinapungua tena. Ndiyo sababu upande wa pili wa mgonjwa huyo huyo unakufaa kuliko jedwali la kitabu.

Jirani yake ni angulari, ile misuli inayoinua kombe. Inatoka pingili 4 za kwanza za shingo, inashika pembe ya juu ya ndani ya kombe. Mkao wake unafanana na wa trapezi isipokuwa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachowaponyoka wanafunzi kwenye mtihani: uso. Kwa trapezi ya kulia, kichwa kinalala kushoto na uso unageukia kulia. Kwa angulari ya kulia, kichwa kinalala kushoto na uso unageukia kushoto pia, pua ikinusa kwapa la kushoto. Sababu iko kwenye kazi ya kila msuli. Trapezi ya kulia ikijikunja inageuza uso kushoto, kwa hiyo ili kuirefusha unaupeleka kulia. Angulari ya kulia inageuza uso kulia, kwa hiyo unaupeleka kushoto. Ukielewa hilo huna haja ya kukariri. Na kwa angulari usisukume ncha ya bega. Weka kiganja kwenye pembe ya juu ya kombe yenyewe, ulisukume chini. Mgonjwa mwenye angulari fupi mara nyingi atakuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma, pale pale kwenye pembe hiyo.

Sterno, tunavyofupisha jina lile refu la sternokleidomastoidi, inatoka kidarini na kwenye mtulinga hadi kifundo cha mfupa nyuma ya sikio. Kuirefusha kunahitaji shingo irudi nyuma kidevu kikiwa kimevutwa ndani, kichwa kilale upande wa pili na uso ugeukie upande unaopimwa. Kwa maoni yetu, mkao huo haustahili namba kila siku. Unachanganya kurudi nyuma na kuzunguka, mchanganyiko usiopendwa na mishipa ya damu inayopanda shingoni. Ifanyeni polepole, msikae kwenye kikomo, mwongee naye muda wote macho yake yakiwa wazi. Akinyamaza ghafla, rudisheni kichwa.

Skaleni zinatoka kwenye pingili za shingo na kushika ubavu wa kwanza na wa pili. Kwa kuwa ncha yake ya chini ni ubavu, kushika bega hakutoshi: ukingo wa mkono wako ukae nyuma ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza. Mwambie apumue nje. Ubavu unashuka chini ya mkono wako. Ushikilie hapo, ndipo ulaze kichwa upande wa pili na kukirudisha nyuma kidogo. Ukipima akiwa amevuta pumzi, ubavu uko juu, skaleni imelegea, na utapata digrii za bure. Kati ya skaleni ya mbele na ya katikati inapita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Vidole vikianza kuwaka au kufa ganzi, umeacha kupima msuli.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo matibabu mengi yanapopotea. Shingo isiyogeuka si lazima iwe na msuli mfupi. Inaweza kuwa kiungo, inaweza kuwa mshipa wa fahamu, inaweza kuwa msuli wenye urefu wake wote lakini unaojilinda kwa sababu ya maumivu. Kuna majaribio mawili yasiyohitaji chombo cha bei.

La kwanza: mketishe, pima kugeuza uso kulia na kushoto. Kisha weka mito juu ya mapaja na chini ya viwiko hadi mabega yapande yenyewe bila yeye kuyainua, upime tena. Mito imezisogeza karibu ncha mbili za trapezi na angulari. Ikiwa aliyekuwa na digrii 50 sasa ana 65, kilichokuwa kinamzuia ni misuli kati ya shingo na bega. Ikiwa amebaki 50, kukanda trapezi hakutamsaidia. Tafuta kwenye viungo. Na kwenye viungo anza juu: karibu nusu ya kugeuza uso hutoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Alale chali, inamisha shingo yote mbele hadi mwisho ili pingili za chini zijifunge, kisha geuza uso. Kawaida ni karibu digrii 44. Ikikwama chini ya 32, hasa kwa mwenye kichwa kinachouma upande mmoja, shaka iko pale juu.

La pili ni la mshipa wa fahamu. Mgonjwa akiwa kwenye mkao wa trapezi, anasikia inavuta, mwombe akunje kiganja kwenda nyuma huku mkono umenyooshwa pembeni. Hakuna msuli wa shingo unaofika kwenye kiganja. Ikiwa mvuto wa shingoni unabadilika kwa kiganja tu, ni mshipa wa fahamu. Kumvuta zaidi ni kumuumiza.

Sasa kifua, kwa sababu bega lililovutwa mbele linaibadilishia shingo kazi. Pektorali ndogo inatoka mbavu ya 3 hadi ya 5, inapanda kushika korakoidi, kile kinundu cha kombe kilicho chini ya theluthi ya nje ya mtulinga. Jaribio linalojulikana ni hili: alale chali, viwiko vimekunjwa, viganja tumboni, halafu pima kwa rula ya pembe mraba kutoka juu ya meza hadi ukingo wa nyuma wa akromioni. Wengi mmefundishwa kwamba ikizidi sentimita 2.6 msuli ni mfupi. Watafiti Lewis na Valentine walilipima jaribio hilo mwaka 2007. Kipimo chenyewe kilijirudia vizuri mikononi mwa mpimaji yule yule, lakini ule mpaka wa 2.6 haukuwatenganisha wenye maumivu ya bega na wasio nayo. Hata wazima walikuwa wameupita. Basi chukueni namba, acheni hukumu. Linganisheni kulia na kushoto, na leo na wiki ya sita. Na kama meza yenu ina godoro la sponji, kombe linazama na namba inapungua yenyewe. Wekeni ubao chini, au pimieni sakafuni juu ya mkeka. Sakafu ya saruji haizami.

Njia ya pili ni mita ya fundi: kutoka kwenye korakoidi hadi ukingo wa chini wa ubavu wa 4 pale unapogusana na kidari. Kosa kubwa ni kuhesabu mbavu vibaya. Anzeni kwenye kishimo cha juu ya kidari, teremsheni kidole karibu sentimita 5 hadi kwenye tuta linalokatisha kidari. Hilo, linaloitwa pembe ya Louis, lipo sawa na ubavu wa 2. Toka hapo pembeni, hesabu nafasi hadi wa 4. Gawanya urefu uliopata kwa kimo cha mgonjwa, zidisha kwa 100. Mwenye sentimita 13.6 na kimo cha sentimita 160 ana 8.5. Kugawanya kwa kimo kunatuwezesha kumlinganisha mrefu na mfupi. Kumbukeni tu kwamba huu ni urefu wa msuli ukiwa umepumzika. Haukuambii utavutika hadi wapi.

Pektorali kubwa, msuli mpana wa kifua, na dorsali kubwa, msuli mpana wa mgongo, ni rahisi, tusizichelewe. Zote mbili: alale chali, magoti yamekunjwa, kiuno kimegusa meza. Kwa pektorali, mkono pembeni digrii 90 kwa nyuzi za juu, karibu 135 kwa nyuzi za chini. Mkono unatakiwa ulale sawa na meza au chini yake. Kwa dorsali, mikono miwili juu ya kichwa, viwiko karibu na masikio, nayo iguse meza. Isipogusa, pima sentimita kutoka kiwiko hadi mezani. Kosa ni lile lile kwa wote: kiuno kinanyanyuka, mbavu zinafunguka, mkono unafika. Pitisha vidole chini ya kiuno. Vikipita, anza upya.

Turudi kwa mama wa kamba. Kamba ya paji la uso inavuta kichwa nyuma, na kinachokizuia ni misuli ya mbele ya shingo: sterno, skaleni na ile midogo ya ndani kabisa. Mzigo wa kichwani unasukuma pingili kutoka juu. Begi la bega moja linashusha kombe. Mizigo mitatu, hesabu tatu. Vladimír Janda, daktari Mcheki aliyeugua polio akiwa kijana na kuitumikia fani yetu maisha yake yote, alieleza mpangilio wa misuli inayoelekea kufupika, yaani trapezi ya juu, angulari na pektorali, na ile inayoelekea kulegea, kama misuli ya ndani ya mbele ya shingo na trapezi ya chini. Mpangilio huo ni msaada mzuri kwa anayekaa mezani siku nzima. Kwa mbeba mzigo wa Kadutu uchukuliwe kama swali, kwa sababu misuli ya mbele ya shingo yake haijalala. Inafanya kazi kupita yetu sote. Akionyesha trapezi, mpime pia skaleni. Mara nyingine trapezi ina urefu wake wote na inauma kwa sababu imevutwa siku nzima. Kuivuta zaidi ni kumwongezea mzigo wa pili.

Swali "amebeba leo?" liandikwe kwenye fishi. Mpimeni saa ile ile, ikiwezekana kabla ya kwenda sokoni, na asiwe amekandwa kwanza. Tofauti ya chini ya digrii 5 kwenye goniometa msiiite maendeleo, inaweza kuwa mkono wako tu. Fishi ya kutosha inasomeka hivi: "Trapezi ya kulia, ameketi, mkono umeshika kiti, kulaza kushoto: 28, 30, 29. Wastani 29. Kikomo kigumu, inavuta, haina ganzi. Upande wa pili: 38. Kiganja nyuma: hakuna mabadiliko. Saa 2 asubuhi, hajabeba." Mkine mwingine, hata wa Bagira asiyekujua, akiisoma anaweza kurudia kipimo chako bila kukupigia simu.

Watoto wachanga wenye kichwa kilichoinama upande mmoja tuwatenge, wana kanuni zao: kwao kugeuza uso hufika digrii 110, si 80, na kila mmoja wao aangaliwe nyonga pia.

Sasa tusaidieni kusogeza meza mbili hapa mbele. Watu watatu kwa kila meza: mmoja alale, mmoja apime, wa tatu asishike kichwa wala rula, kazi yake ni kuangalia bega tu, na kupiga kelele likipanda.